Kaimu Bwana Harusi

Twalibu Mkumba alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya Mradi wa Mikoko Hai mjini Kibiti, nyumba yenye bati la kijani jirani na mashine ya kukoboa mpunga, na kwa miezi miwili mfululizo alikuwa pia mkubwa wa ofisi hiyo. Hakupenda yeye. Ofisi ilikuwa na watumishi watano. Meneja, Bwana Huseni, aliitwa Dodoma kwa kikao kazi cha siku tatu, na kikao hicho kikazaa vikao vingine. Afisa utumishi, Bi Mwanabaraka, alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Mtaalamu wa miche alikuwa masomoni Morogoro. Waliobaki ni Twalibu na dereva Bashiru, na kwa kuwa mwongozo wa ofisi ulisema dereva asikaimishwe nafasi yoyote ya ofisini "isipokuwa pale inapobidi", Twalibu akawa Kaimu Meneja, Kaimu Afisa Utumishi na Kaimu Mtaalamu wa Miche, huku akiendelea na ukarani wake.

Kazi zote nne alizifanya kwa uaminifu. Barua ikiingia, aliigonga mhuri wa "Imepokelewa" kwenye meza ya masijala, akaitia kwenye faili, akaandika kwenye dokezo: "Kaimu Meneja, barua hii kwa maelekezo yako." Kisha alisimama, akalibeba faili mpaka chumba cha pili, akaketi kwenye kiti cha ngozi cha Bwana Huseni, akalisoma kama mtu ambaye hajawahi kuliona, akaandika chini yake: "Karani, shughulikia." Halafu akalirudisha alikolitoa.

Bashiru, ambaye gari lisipokuwa na safari alishinda kwenye benchi la wageni, alimtazama hivyo wiki nzima ya kwanza. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mdogo wangu, si ungeandika yote mawili ukiwa umekaa hapo hapo?"

"Na mkaguzi akija akauliza?"

"Atajuaje ulikaa wapi?"

"Mimi nitajua," alisema Twalibu.

Ndivyo alivyokuwa. Mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mbwara, aliyelelewa na baba yake mdogo, Mzee Zaidi, baada ya wazazi wake kufariki. Ajira ile aliipata kwa taabu, na katika miaka minne hakuwa ameomba likizo hata mara moja. Simu yake haikuzimwa kamwe, hata msikitini aliiacha ikitetemeka mfukoni, na majirani wa safu yake walishazoea kumsikia akivuma kama nyuki katikati ya sala.

Kisha akampata Hafsa. Hafsa alikuwa mwalimu wa darasa la nne huko Kiomboni, kisiwani, kwenye delta. Walikutana siku mradi ulipokwenda kupanda mikoko pamoja na wanafunzi. Twalibu alishuka kwenye boti na viatu vya ofisini vilivyong'arishwa, akazama kwenye tope mpaka magotini, akatoka na kiatu kimoja. Hafsa ndiye aliyeingiza mkono akakichomoa kile cha pili. Akamkabidhi huku kikichuruzika, akamwambia, "Weka sahihi hapa kwamba umepokea." Twalibu alitafuta kalamu kweli. Hafsa alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile Twalibu akawa na sababu nyingi za kikazi za kwenda Kiomboni.

Posa ilipelekwa, ikakubaliwa. Ndoa ikapangwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwao bibi harusi. Boti ya kwenda huko ingeondoka Nyamisati saa nne asubuhi, maji yakiwa yameanza kujaa. Anayeichelewa hiyo anasubiri mpaka kesho yake, kwa sababu maji yakitoka vile vijito vya mikoko vinabaki tope tupu.

Wiki tatu kabla, Twalibu alijaza fomu ya likizo. Siku saba. Akaigonga mhuri, akaibeba mpaka meza ya Bi Mwanabaraka, akakaa, akaisoma. Hapo ndipo alipokwama. Mwongozo ulisema wazi kwamba mtumishi hataidhinisha ombi lake mwenyewe. Kwenda mbele kwa Kaimu Meneja kusingesaidia, kwa kuwa huyo naye alimfahamu. Akapiga simu Dodoma.

"Shikamoo Meneja."

"Marahaba, Kaimu." Bwana Huseni alinong'ona, nyuma yake mtu akizungumza kwenye kipaza sauti. "Ofisi salama?"

"Salama. Kuna ombi la likizo."

"La nani?"

"La karani wa masijala."

"Karani si wewe?"

"Ndiyo, lakini hapa napiga kama Kaimu Afisa Utumishi."

"Aha. Anataka siku ngapi?"

"Saba. Anaoa."

"Mashallah! Mpe pongezi zangu."

"Nitamfikishia."

"Sasa akiondoka, masijala atabaki nani?"

"Hakuna."

"Na wewe kama Kaimu Meneja utaendeshaje ofisi bila karani?"

Twalibu alilifikiria swali kwa dhati. "Kusema kweli, sitaweza."

"Umeona. Basi mjibu vizuri, usimvunje moyo. Nasubiriwa huku." Simu ikakatika.

Twalibu akaketi kwenye kiti cha ngozi akaandika barua. Ilimchukua asubuhi yote. "Ombi lako limepokelewa na kuzingatiwa kwa uzito unaostahili. Hata hivyo, kutokana na uhaba wa watumishi na umuhimu wa nafasi yako, inasikitisha kukujulisha kwamba halikukubaliwa. Ofisi inakutakia maisha mema ya ndoa." Akasaini kwa niaba ya Meneja, akaitia kwenye bahasha, akaiweka kwenye trei ya karani. Kisha akaenda masijala, akaifungua, akaisoma. Ilimuuma sana. Ila ile sentensi ya umuhimu wa nafasi yake aliirudia mara tatu.

Jumapili alikwenda Mbwara kumweleza baba yake mdogo. Mzee Zaidi alikuwa uani, akianika mpunga kwenye mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo wewe umejinyima ruhusa wewe mwenyewe."

"Si mimi, Baba. Ni ofisi."

"Ofisini kuna nani?"

"Mimi na Bashiru."

Mzee Zaidi akaendelea kuutandaza mpunga kwa nyayo. Baada ya muda akasema kwamba sheria ya dini haikumfunga mtu. Bwana harusi asiyeweza kufika anaweza kumtuma wakili akakubali ndoa kwa niaba yake. Mashehe wangethibitisha. "Nitakwenda mimi. Nitasema nimemkubalia Twalibu, tutakula wali, nitarudi."

Twalibu alirudi Kibiti moyo umetulia, na kwa kuwa kila jambo kwake lilihitaji karatasi, aliandika karatasi. "Ninakukaimisha nafasi ya bwana harusi kwa siku ya Ijumaa, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Kaimu hatafanya mabadiliko yoyote ya msingi bila kuwasiliana na mwenye nafasi." Akampelekea Mzee Zaidi nakala halisi, na akapiga picha akamtumia Hafsa kwa simu, apate taarifa.

Alama mbili za buluu zilitokea mara moja. Jibu halikuja mpaka siku ya pili yake, nalo lilikuja kwa sauti.

"Twalibu, barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilidhani umetuma kwa makosa. Baba Zaidi namheshimu sana. Lakini kama wewe una kaimu, na mimi nitaleta kaimu. Shangazi Mashavu yupo, amekaa na ujane wake mwaka wa sita huu, ana nafasi. Waoane wao. Sisi tuendelee na kazi."

Twalibu alimchezea Mzee Zaidi sauti ile kwa simu, akitumaini kupata ushauri.

"Mashavu yupi?" aliuliza Mzee Zaidi. "Yule mrefu wa Kiomboni?"

"Baba!"

"Nauliza tu."

Jumatano, siku mbili kabla ya ndoa, saa tano asubuhi, wanawake wawili waliteremka kwenye bajaji mbele ya ofisi. Mmoja alikuwa mrefu, amejifunga kanga juu ya baibui, anatembea kama mwenye nyumba. Mwingine alikuwa amefunikwa gubigubi, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na alipopita benchi la wageni harufu ya singo ya harusi na karafuu ilimwinua Bashiru bila yeye kutaka. Alielewa mara moja. Mwari alitakiwa awe ndani, anasuguliwa, haonekani hata na jua. Hapa mwari amevuka maji na kuja Kibiti.

"Hodi!" alisema yule mrefu.

"Karibuni," alisema Twalibu, akiwa ametoa kichwa kwenye dirisha dogo la masijala. "Tafadhali sainini kitabu cha wa..." Akayaona macho. "Hafsa?"

"Mimi si Hafsa," lilisema baibui. "Mimi ni mwananchi. Nimeleta barua."

"Na mimi ni shangazi wa mwananchi," alisema Bi Mashavu. "Na mwananchi huyu akionekana na mtu wa kwetu, nyumba nzima imeaibika, kwa hiyo fanya haraka, baba."

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Haraka, nimesema."

Hafsa alipitisha bahasha dirishani. Mikono ya Twalibu ilifanya kazi yake yenyewe: ikafungua, ikaikunjua karatasi, ikagonga mhuri wa "Imepokelewa". Ndipo akasoma. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama.

"YAH: KUOLEWA NA WEWE. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nataka kujua kama Ijumaa utakuja mwenyewe. Jibu liwe ndiyo au hapana. Nasubiri hapa hapa."

Twalibu akachukua jalada jipya, akaitia barua, akaandika dokezo, akasimama na faili mkononi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Hafsa.

"Kwa Meneja."

"Meneja yuko Dodoma."

"Kwa Kaimu."

Hafsa alimfuata mpaka mlangoni. Alimwona mchumba wake akizunguka meza, akivuta kiti cha ngozi, akiketi, akifungua faili na kukunja uso kama mtu aliyeletewa jambo geni. Alikuwa amesikia habari za viti hivi kwa Bashiru, akadhani ni utani.

Twalibu alichukua kalamu. Kila barua iliyofika mezani pale aliiandikia "Karani, shughulikia", na mkono ulikuwa tayari umeandika herufi K. Hapo ukakwama. Alijaribu tena. Haukwenda.

Huku nje Bi Mashavu alikuwa amekivuta kitabu cha wageni. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani na hakupoteza nafasi yoyote ya kusoma kwa sauti. "Tarehe tatu. Jina, Yassin. Anakotoka, Ngorongo. Sababu ya kuja: kuulizia mashine ya kukoboa." Akapandisha kidole. "Tarehe ishirini na saba ya mwezi uliopita. Mwanajuma. Kuulizia mashine ya kukoboa." Kidole kikapanda tena. "Hemedy. Kuulizia mashine, na maji ya kunywa." Akainua macho. "Kumbe ofisi hii kazi yake ni kuelekeza watu mashineni?"

Bashiru aliangua kicheko, akakizima kwa kofia.

"Si wageni tu," alisema Twalibu kutoka ndani, masikio yamemwaka moto. "Barua zinakuja."

"Wiki hii zimekuja ngapi?" aliuliza Hafsa.

"Moja."

"Ya nani?"

Twalibu alilitazama faili. "Hii yako."

Hakuna aliyecheka. Hafsa aliingia, akafunga mlango nusu, akateremsha kitambaa usoni. Mashavu yake yalikuwa ya manjano kwa liwa na manjano yenyewe, na kwa sababu asizoweza kuzieleza Twalibu aliona hajawahi kumwona mtu mzuri kama yule.

"Sikiliza," alisema Hafsa, sauti imeshuka. "Mimi sina ugomvi na kazi yako. Na mimi nina kazi, nina watoto sitini na wawili darasani. Nilimwambia mwalimu mkuu naolewa Ijumaa, akasema haya, watoto nitawashika mimi. Yakaisha. Wewe unaogopa nini?"

Twalibu alifunga faili, akalifungua, akalifunga tena.

"Naogopa nikiondoka ofisi itasimama," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na naogopa nikiondoka isisimame."

Hafsa akapandisha kitambaa.

"Isiposimama si ndiyo vizuri? Utapata pa kurudi. Nasubiri jibu langu. Na kwa mdomo, sitaki mhuri."

Twalibu akatoka kwenye kiti cha ngozi. Akasimama katikati ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na meza ya mtu yeyote.

"Ndiyo," alisema. "Nitakuja mwenyewe."

"Mmesikia huko nje?" aliuliza Hafsa.

"Tumesikia!" walijibu Bi Mashavu na Bashiru kwa pamoja. Dakika mbili baadaye bajaji ilikwishageuka, na kilichobaki ni ile harufu ya karafuu, ambayo haikutoka masijala mpaka Alhamisi.

Sasa ilibaki kutafuta wa kumwachia ofisi. Twalibu alisoma mwongozo upya na safari hii macho yake yakatua kwenye maneno "isipokuwa pale inapobidi". Akamwita Bashiru, akampa kiti.

"Kaka Bashiru, umewahi kugonga mhuri?"

"Nimewahi kugonga nguzo. Mhuri bado."

Alimfundisha alasiri yote. Bashiru alikuwa na miaka hamsini na mitatu na alikuwa ameendesha gari la mradi tangu mche wa kwanza. Alijifunza haraka, ila aligonga kwa nguvu mno, meza ikawa inaruka.

Ijumaa asubuhi Twalibu alifika ofisini na kanzu mpya, kofia ya kufuma, viatu vya ngozi. Walikuwa wameafikiana kwamba Bashiru angempeleka Nyamisati na gari, arudi kufungua ofisi. Alimkuta amevaa tai. Tai ile ilikuwa nyekundu, pana, ya zamani sana.

"Twende, kaka, saa zinakwenda."

Bashiru alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi. "Nimeusoma ule mwongozo jana nyumbani. Kaimu Meneja haondoki kituoni bila kibali."

"Kibali anatoa nani?"

"Mimi. Nimejiomba, nikajinyima. Ofisi haiwezi kubaki tupu."

Yote yale alikuwa ameyafundisha Twalibu mwenyewe. Akatoka mbio mpaka kijiwe cha bodaboda, akapandisha kanzu mpaka mapajani, na akaenda hivyo juu ya pikipiki, mpaka Bungu, kisha barabara ya vumbi mpaka Nyamisati, akiishika kofia kwa mkono mmoja. Alipofika gatini alikuwa mweupe kwa vumbi kama aliyelala kwenye unga. Mwenye boti, Seleman, alikuwa amekwishasukuma. Twalibu aliingia majini na viatu vyake, akavutwa ndani na abiria wawili, na boti nzima ikamshangilia.

Hawakwenda mbali, simu ikalia. Ilikuwa Bashiru, na sauti yake haikuwa ya asubuhi.

"Mdogo wangu, wageni wamekuja."

"Wa mashine?"

"Wa makao makuu! Watatu! Wanasema wanapita kukagua, hawakutoa taarifa makusudi. Wanataka faili la maendeleo ya miche. Liko wapi?"

Twalibu alisimama. Boti ikayumba, wanawake wakapiga kelele. "Kaa chini, bwana harusi!" alifoka Seleman.

"Kabati la pili," alisema Twalibu akiketi, "rafu ya juu, kuna jalada la kijani, usichukue hilo. Nyuma yake kuna lingine la kijani..."

Boti ilikuwa imeingia kwenye mkondo mwembamba, mikoko imefunga kushoto na kulia. "Hilo la pili lina sehemu A na sehemu B, wape B, A ina masahihisho... Kaka Bashiru? Halo?" Mtandao ulikuwa umekufa zamani. Alikuwa akiieleza mikoko.

Akamgeukia Seleman. "Tunaweza kurudi?"

"Kurudi tunaweza," alisema Seleman bila kupunguza mashine. "Kuja tena ni kesho, maji yakijaa."

Abiria wote walimtazama. Mama mmoja aliyepakata kuku wa harusi alitikisa kichwa taratibu, kumwambia usithubutu. Twalibu aliitazama simu yake. Mtandao haukuwepo, na pengine usingekuwepo mpaka jioni, kwa hiyo haikuwa na maana yoyote kuizima. Akaizima. Akashangaa jinsi kioo kilivyokuwa cheusi, akajiona usoni humo, vumbi mpaka kwenye kope. Akachota maji ya mto, akanawa.

Kiomboni alipokewa na watu kadhaa, wa kwanza wao akiwa Mzee Zaidi, aliyetangulia tangu jana. Alikuwa amevaa joho zuri kuliko la bwana harusi.

"Umekuja," alisema, na Twalibu hakuweza kujua kama uso ule ulikuwa wa furaha tupu.

"Nimekuja, Baba."

"Maana barua yangu ya kukaimu ilikuwa bado haijatenguliwa." Akaitoa mfukoni, imekunjwa vizuri. Bi Mashavu, aliyekuwa akipita na sinia, alitazama pembeni akitabasamu.

Baada ya alasiri walikaa kwenye mkeka. Shehe aliuliza bwana harusi ni yupi, kwa sababu habari ya kaimu ilikuwa imemfikia na hakutaka kukosea. "Ni mimi," alisema Twalibu. "Mwenyewe." Shehe akamshika mkono. Twalibu alitamka kwamba amekubali kumwoa Hafsa kwa mahari waliyopatana, alitamka kwa nguvu mno mpaka watoto waliokuwa dirishani wakaruka, na vigelegele vikapasuka ndani kabla shehe hajamaliza dua. Waliletewa pilau, na kamba wa nazi, na samaki wa kukaanga. Twalibu alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Alipoingia ndani kumpa mkono mkewe, Hafsa alimnong'oneza, "Umesaini kitabu cha wageni?"

Simu aliiwasha Jumatatu, pale gatini Nyamisati, akiwa peke yake. Ujumbe wa Bashiru uliingia mmoja baada ya mwingine kwa dakika nzima. Ule wa mwisho ulisema tu: "Usijali. Njoo nitakueleza."

Bashiru alimweleza kwenye benchi la wageni, amekaa kama alivyokaa siku zote, ila na tai. Faili hakuliona. Alifungua kabati lote, wageni wamesimama nyuma yake, jasho linamtoka. Mwisho akafunga kabati, akawaambia, "Waheshimiwa, karatasi sizijui, mikoko naijua." Akajiandikia kibali cha kuondoka kituoni, akakigonga mhuri, akawapakia kwenye gari, akawapeleka Nyamisati. Shamba baada ya shamba. Kwa miaka yote ile alikuwa ndiye aliyewapeleka wataalamu, akiwasubiri chini ya kivuli na kuwasikiliza. Alijua mche upi ulipandwa mwaka gani, upi uliliwa na kaa, wapi udongo ulikataa. Wale wakubwa walivua viatu wakaingia topeni.

"Wakasema nini?"

"Yule mama mkubwa wao akasema wamezunguka ofisi nyingi, kote wanaonyeshwa mafaili, hapa ndiyo kwanza wanaonyeshwa mikoko. Halafu akanisifu kwa unyenyekevu."

"Unyenyekevu gani?"

"Eti Meneja mzima anajiendesha gari mwenyewe."

Twalibu alitaka kuudhika. Alikaa akiutafuta huo udhia na hakuupata. Ofisi haikusimama, naye bado alikuwapo. Akacheka, Bashiru naye akacheka, mpaka mtu aliyekuja kuulizia mashine akawapita akiogopa kuuliza.

Jioni ile Bwana Huseni alipiga simu kutoka Dodoma. Hakunong'ona safari hii.

"Nasikia Kaimu wangu ameoa kinyume cha barua yangu."

"Barua niliandika mimi, Meneja."

"Najua. Nimeisoma nakala. Imeandikwa vizuri, ilinitia uchungu. Twalibu, binti yangu Siti aliolewa mwaka juzi. Sikuwepo. Nilikuwa kwenye kikao, na leo ukiniuliza kikao kilihusu nini, siwezi kukwambia. Lete hiyo fomu yako, naisaini mimi."

Ruhusa ilikuja kwa barua pepe baada ya siku nne. Ilikuwa ya siku saba, kuanzia tarehe ya barua. Twalibu alimweleza Bwana Huseni kwamba harusi imekwishapita na yeye amekwisharudi kazini. Bwana Huseni akamjibu kwamba ruhusa ikishatoka imetoka, akitaka kuifuta itabidi aombe upya. Basi Twalibu akamkabidhi Bashiru mihuri yote mitatu, akapanda boti.

Kiomboni shule zilikuwa hazijafungwa, na mitihani ya nusu muhula ndiyo kwanza imekwisha. Siku ya pili ya likizo yake alasiri ilimkuta Twalibu jikoni, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, anakaanga kamba kwa maelekezo ya Bi Mashavu aliyekuwa akimkosoa kutoka nyumba ya pili. Barazani Hafsa alikuwa amezungukwa na madaftari sitini na mawili, kalamu nyekundu sikioni, nyingine mkononi.

"Chakula tayari!" aliita Twalibu.

"Dakika mbili."

Akapakua. Akangoja. Akatoka na sahani mbili, akasimama pale mlangoni.

"Hafsa."

"Dakika mbili, Twalibu. Nimebakiza ishirini. Hebu mtazame huyu, nimeuliza mikoko ina faida gani, kaandika 'kuleta wachumba'."

Twalibu akaweka sahani chini, akazifunika kwa kawa nzi wasiingie, akasogeza rundo moja la madaftari, akaketi kando yake.

"Nipe kalamu," alisema. "Huyo mpe vema."